Tangazo lilipiwe Ng'ambo, lionekane Mbagala: tatizo ni duara la ramani

Zimebaki wiki mbili Sikukuu ifike. Mwenye duka la mabuibui Mlandege anapiga picha ya mzigo mpya, anaiweka Instagram, anabonyeza kitufe cha kuboosti na kulipa shilingi 30,000.

Laiki zinamiminika, inboksi inajaa. Lakini mmoja anauliza bei kwa Kiingereza, yuko hotelini Shangani. Mwingine anauliza kama mzigo unafika Mbagala. Wanawake wa Kwahani na Magomeni, ambao wangekuja dukani kwa daladala siku hiyohiyo, tangazo hawajaliona.

Huu ni mfano tu, ila ndivyo pesa za matangazo zinavyopotea. Na kwa duka dogo, 30,000 inaweza kuwa faida yote ya buibui moja. Kosa mara nyingi haliko kwenye picha. Liko kwenye ramani.

Duara linavuka bahari

Facebook na Instagram zote ni za Meta. Mfumo wake wa matangazo unamruhusu anayelipa kuweka pini kwenye ramani, kisha kuchora duara kuanzia kilomita 1 hadi 80.

Kisiwani, namba hiyo ni ya kuangaliwa vizuri. Kutoka mjini Unguja, duara la kilomita 50 linafika Bagamoyo. La kilomita 80 linaingia Dar es Salaam, jiji lililokuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya 2022. Mkoa wa Mjini Magharibi, wenye Mji Mkongwe na Ng'ambo yote, ulikuwa na karibu 900,000. Duara likigusa Dar, wa Ng'ambo wanamezwa na wingi.

Duara dogo nalo lina mtego wake. Pini ikiwekwa Darajani kwa kilomita 1, inafunika karibu Mji Mkongwe wote, yaani hoteli na watalii wake.

Zamani mtangazaji aliweza kuchagua wakaazi peke yao. Mwaka 2023 Meta iliondoa chaguo hilo. Sasa wanaoishi mahali na waliopita hapo karibuni wanawekwa kundi moja. Mtalii wa siku 2 anahesabiwa sawa na mzaliwa wa Kikwajuni.

Pini iwekwe anapolala mteja

Duka liko Mlandege, sawa. Lakini wateja wanatoka wapi? Jibu liko kwenye daftari la mauzo au kwenye meseji za WhatsApp za mwezi uliopita.

Kama wengi ni wa upande wa Amani, pini iwekwe Amani kwa kilomita 2. Inashika sehemu kubwa ya Ng'ambo na Mji Mkongwe unabaki nje. Akitaka na Fuoni, aongeze pini ya pili badala ya kupanua duara la kwanza.

Kitufe cha kuboosti kina machaguo machache. Ads Manager, programu ya Meta ya kusimamia matangazo, inaruhusu pia kuzuia eneo. Shangani, kwa mfano, inaweza kuwekewa pini ya kuondolewa. Kuitumia hakuna ada ya ziada.

Lugha isichujwe ovyo

Wengine huchagua "Kiswahili" kwenye orodha ya lugha ili kuwaepuka watalii. Tatizo ni kwamba watu wengi wa hapahapa simu zao wameziweka kwa Kiingereza, kwa hiyo nao wanachujwa.

Njia nyepesi ni kuandika tangazo lenyewe kwa Kiswahili, kutaja mtaa na kuweka bei. Asiyehusika atapita, na mfumo utajifunza kutokana na wanaojibu.

Waliouliza mwaka huu

Meta inaruhusu pia tangazo lirudi kwa watu waliowahi kuiandikia akaunti au kugusa posti zake ndani ya siku 365. Aliyeuliza bei Sikukuu iliyopita ni rahisi kununua kuliko mgeni.

Kupakia namba za simu za wateja ni jambo jingine. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mteja aliacha namba aletewe mzigo, si ipelekwe kwingine. Aombwe ruhusa kwanza.

Hesabu ya mwisho ni mauzo

Tangazo la 30,000 likileta meseji 60 na wanunuzi 2, kila mnunuzi amegharimu 15,000. Likileta meseji 20 tu lakini wanunuzi 6, kila mmoja amegharimu 5,000. La pili ndilo zuri, hata kama laiki ni chache.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga pesa zote, muuzaji ajaribu matangazo mawili ya 10,000 kila moja: picha ileile, maneno yaleyale, ramani tofauti. Kila anayeandika aulizwe anaishi mtaa gani. Baada ya siku 3, shilingi 10,000 iliyobaki iende kwenye ramani iliyouza.

Jambo moja la kuangalia: eneo likiwa dogo, watu walewale wataona tangazo mara nyingi na kulichoka. Majibu yakianza kupungua, abadilishe picha kwanza kabla ya kupanua duara.

Na majaribio yaanze mapema. Siku 3 kabla ya Sikukuu, aliyetaka buibui ameshanunua kwingine.