Kuifanya Land Rover Kuukuu Kuwa Malazi ya Dagoni



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, sote huanza kutafuta vitu vyetu vya dago: majamvi, magunia, mapakacha, sufuria na turubai. Shamba likiwa mbali na nyumba, mwenye karafuu hana budi kulala huko huko, maana karafuu zilizoanikwa haziachwi peke yake. Mchana zataka mtu wa kuzigeuza, jioni zataka mtu wa kuzikusanya, na usiku zataka mtu wa kuzilinda na mvua na wezi. Aghlabu mtu huyo hulala chini ya turubai, juu ya ardhi yenye unyevu, na vuli ikishuka usiku huamka amerowa.

Baadhi yetu tunazo Land Rover za zamani ambazo tumezirithi au tumezinunua kwa bei ndogo. Katika makala haya twapenda kueleza namna gari kama hilo linavyoweza kufanywa malazi. Zaidi ya hayo, twapenda kueleza sharti moja ambalo sisi wenyewe tulilijua baada ya kupata hasara. Sharti hilo ni kwamba kila kinachoingizwa ndani ya gari kwa ajili ya kulala kiwe chaweza kutolewa upesi.

Hasara yenyewe ilikuwa hivi. Mara ya kwanza tulimpa seremala mbao nene za mninga, akatutengenezea kitanda na makabati mawili, akavikaza katika bodi kwa bolti za chuma. Kilikuwa kitanda kizuri, na wageni walikisifu. Miezi mitatu baadaye tulikwenda nacho dagoni, tukalala raha kwa muda wa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu karafuu zilikuwa zimekwisha kukauka, magunia manane yamejaa, na wingu la vuli limetanda. Tulipotaka kukitoa kitanda ili tupakie, bolti zilikuwa zimeshika kutu na hazikukubali spana. Ikatubidi tukodi gari la mtu mwingine na letu wenyewe limesimama hapo hapo. Lilipofika, magunia mawili yalikuwa yamekwisha kurowa. Kila mkulima anajua nini huwapata watu wenye karafuu zilizokauka kisha zikarowa.

Asili ya mambo haya

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Wakati huo chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na kwa sababu hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu, na chasisi ilikuwa ya chuma. Mwaka 1955 wanafunzi sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London kwa Land Rover mbili, wakafika Singapore mwezi wa Machi 1956. Watu wengi walitambua kwa safari hiyo kwamba gari hili laweza kuwa chombo cha safari na pia mahali pa kukaa. Baadaye kampuni ya Martin Walter ya mji wa Folkestone ikawa inatengeneza Land Rover za kulalia zilizoitwa Dormobile, zenye paa la kuinuka, na viti vyake vya mchana vilikuwa vikilazwa usiku vikawa vitanda.

Sisi hatuna haja ya kukata paa. Lakini hilo la ubao mmoja kufanya kazi mbili lafaa kuigwa.

Kwanza tazama kutu

Mtu asinunue hata msumari mmoja kabla hajaingia chini ya gari na nyundo ndogo. Bodi ya aluminiamu haipati kutu kama chuma, na kwa hiyo gari huonekana zima kwa nje hali chasisi yake imekwisha kuliwa. Chasisi ya Land Rover ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia humo, na kutu huanza ndani ikatoka nje. Visiwani mwetu hewa yenyewe ina chumvi, na gari lililovushwa kwa chombo huenda limerushiwa maji ya bahari.

Gonga polepole kila mahali, hasa boriti ya nyuma kabisa, mikono inayoshika bodi, na sehemu zinazofungwa springi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito, na pengine nyundo huzama. Ukikuta hivyo, fedha za kitanda zipeleke kwanza kwa fundi wa kuchomelea. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Jambo jingine ni kwamba aluminiamu na chuma vikigusana mahali penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Kwa hiyo kila bolti unayoitia katika bodi itangulizie mpira, na chuma chochote unachokilaza juu ya bodi kipakwe rangi kwanza. Bolti zipakwe grisi kabla ya kukazwa. Lau tungalifanya hivyo mara ile ya kwanza, magunia mawili yasingalirowa.

Kitanda

Land Rover nyingi za zamani zinazofaa kazi hii ni zile ndefu ziitwazo 109, yaani zenye inchi 109, au sentimita 277, kutoka gurudumu la mbele hata la nyuma. Za Series II, IIA na III zilitengenezwa tangu 1958 hata 1985. Sehemu yake ya mizigo, viti vya nyuma vikiisha kutolewa, ina urefu wa sentimita 185 hivi. Upana wa sakafu baina ya vifuniko vya magurudumu ni kama sentimita 90, na juu ya vifuniko hivyo upana huwa kama sentimita 145. Hata hivyo kila mtu apime gari lake, kwani magari ya zamani yamepita katika mikono ya mafundi wengi.

Vipimo hivyo vyaonyesha mahali pa kitanda. Mbao zilazwe juu ya vifuniko vya magurudumu, kutoka upande mmoja hata wa pili. Juu yake watu wawili wasiokuwa warefu sana hulala bila kubanana, na chini yake hubaki nafasi ya masanduku ya vyombo. Tumia plaiwudi ya milimita 12, nayo ikatwe vipande vitatu, kila kimoja kiweze kuchukuliwa na mtu mmoja na kupita mlangoni. Chini ya kila kipande pigilia miti miwili ya kukitia nguvu. Katikati ya gari weka mguu mmoja wa kukunja kwa bawaba, usije ubao ukapinda.

Vipande visikazwe kwa bolti nyingi. Pindo mbili za ubao zizuie kitanda kisiende mbele wala nyuma, na mikanda miwili ikifunge kwenye matundu yale yale yaliyokuwa ya viti. Sisi sasa tunakitoa kitanda chote kwa muda wa robo saa. Kipande kimoja huwa meza ya kuchambulia karafuu na makonyo wakati wa mchana.

Godoro la sponji la sentimita 10 latosha. Likatwe nalo vipande vitatu, lipate kukunjwa na kuanikwa juani kila siku mbili.

Uzito

Maji lita moja ni kilo moja. Dumu mbili za lita 20 ni kilo 40, watu wawili wazima ni kama kilo 140, betri ya pili ni kama kilo 15, na kitanda, godoro, vyombo na chakula havipungui kilo 80. Jumla ni kilo 275 kabla ya gunia la kwanza. Kwa hiyo soma kibao cha gari lako kinachotaja uzito unaoruhusiwa, na hesabu hizi uzitoe humo. Vitu vizito vikae chini na karibu na katikati ya gari. Juu ya paa weka majamvi na turubai tu, kwani gari hili ni refu kwenda juu, na njia zetu za mashamba zina mashimo na miinamo.

Hewa na mbu

Watu wawili waliolala hutoa kwa pumzi na jasho maji ya kufika nusu lita kwa usiku mmoja. Madirisha yakifungwa yote, maji hayo huganda kwenye paa la aluminiamu yakadondoka usoni, na godoro likaota ukungu. Basi acha wazi kidogo dirisha la kila upande. Kata kipande cha chandarua kikubwa kuliko dirisha, ukizungushie utepe wa kunata, ukikaze kwa ndani. Mlango wa nyuma uachwe wazi, nao uwe na chandarua chake na turubai ya kuning'inia nje kama upenu. Malaria imepungua sana visiwani mwetu, lakini haikwisha, na kambi ya msimu ni mahali pa watu wengi na maji mengi.

Karafuu mbichi zisilazwe ndani ya gari pamoja na watu. Zikirundikwa hupata joto na kuharibika, na gari zima hujaa mvuke.

Moto na moshi

Katika mambo yote tuliyoyaandika, hili ndilo lililo zito kuliko yote. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya gari hata kidogo, hata kama mvua inanyesha, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha kufa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa na kichwa, husikia usingizi, kisha haamki. Kadhalika injini isiachwe ikinguruma wakati watu wamelala, kwani bomba la moshi la gari kuukuu huwa na matundu, na sakafu pia.

Wenye majiko ya gesi wakumbuke kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukaa sakafuni, ikangoja cheche. Mtungi ulale nje. Petroli ya akiba nayo isikae chini ya kitanda.

Taa na feni

Usitumie betri ya kuwashia gari, usije ukashindwa kuondoka siku ya mvua. Weka betri ya pili. Taa ndogo ya wati 5 kwa saa tano hutumia wati-saa 25. Feni ya wati 20 kwa saa nane hutumia 160. Simu hutumia kama 15. Jumla ni 200, yaani kama ampea-saa 17 katika betri ya volti 12. Betri ya kawaida ya asidi yafaa itumiwe nusu yake tu, na kwa hiyo ya ampea-saa 50 hutosha. Bamba la jua la wati 80 huijaza tena kwa siku moja ya jua zuri. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri.

Mtu mwenye Land Rover iliyotengenezwa kabla ya 1967 amwulize fundi umeme kwanza. Magari hayo mengi yalifungwa waya chanya kwenye bodi, tofauti na ya sasa, na chombo kipya kikiunganishwa bila kujua huungua mara moja.

Mahali pa kusimamisha

Usisimamishe gari chini ya mnazi. Chini ya mkarafuu mkubwa nako si pema, kwani matawi yake huvunjika upesi, na upepo wa mvua haubishi hodi. Chagua mahali tambarare, karibu na sakafu ya kuanikia, pasipopita maji. Kisha weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu yenyewe, hushika mti unaotoka katika giaboksi. Kwa sababu hiyo gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, gari laweza kujiendea ingawa breki imevutwa.

Mwisho

Kabla ya safari ya kwanza, mwenye gari aulize ofisi ya usajili na watu wa bima kama mabadiliko yake yanakubaliwa. Kitanda kisichokazwa daima hupunguza maswali.

Kisha na afanye jaribio moja nyumbani: alale usiku mmoja uani, na asubuhi atoe kila kitu na kupakia magunia manane matupu yaliyojazwa makumbi. Kazi hiyo ikizidi nusu saa, basi kitanda hakijawa tayari kwenda dagoni. Wanachama wanaotaka kuona kitanda chetu au kunakili vipimo vyake na waje siku ya mkutano. Tutakuja nacho, na tutakitoa na kukirudisha mbele yao.

Twawatakia msimu mwema na jua la kutosha.