Kioo Hakivuji

Masika yakikaribia huletewa gari moja au mawili yenye malalamiko yale yale. Safari hii lilikuwa Volkswagen Beetle la 1963, lililolala miaka mingi kwenye banda la makuti huko Raskazone, karibu na bahari kiasi cha kusikia mawimbi usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Nimemaliza mirija mitatu ya silikoni, maji bado yanaingia. Nadhani tubadilishe kioo tu."

Kioo chake kilikuwa kizima, hata mkwaruzo hakina. Ni kazi kumshawishi mtu aliyelowa magoti kwamba kioo hakivuji. Kinachovuja ni mpira, au ukingo wa bodi uliofichwa na mpira, na hapa Tanga mara nyingi ni huo ukingo.

Magari ya siku hizi kioo cha mbele hubandikwa kwa gundi. Ya zamani hayakuwa hivyo. Kioo kilishikwa na mpira wenye mifereji miwili: mmoja unang'ata kioo, wa pili unang'ata ukingo wa bati unaozunguka tundu la dirisha. Hakuna skrubu wala gundi, ni mbano mtupu. Mpira ukizeeka hukauka na kupasuka kwenye kona, maji yenye chumvi yakapenya, yakatulia chini ya mpira mahali pasipofika jua wala jicho. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huvimba na kuusukuma mpira. Maji yakazidi kuingia, kutu nayo ikazidi.

Halafu mtu analeta silikoni ya madirisha ya nyumba. Inuse ikiwa mbichi: inanuka siki, kwa sababu inapokauka hutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Umeziba juu, umepaka asidi chini. Na popote ilipogusa, rangi mpya haitashika mpaka uikwangue yote. Ile mirija mitatu ya mzee ilinigharimu siku nzima ya kukwangua.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kubomoa. Mpira wa zamani usiuonee huruma. Ukate kwa kisu ukiwa nje, toa kioo. Cha kuhurumia ni ule utepe wa kung'aa unaozunguka kioo. Kwenye Beetle ni wa alumini, vipande viwili vinavyokutana kwa vibanio vidogo. Ukikunjika hata mara moja, alama haitoki. Na asije kijana wa gereji akausugua kwa stilwaya ili ung'ae: alumini hiyo ina ngozi ngumu iliyowekwa kiwandani, ukiitoa utang'aa wiki moja, kisha upepo wa bahari utaufanya mweupe kama chokaa.

Ukingo ukishakuwa wazi ndipo utajua bei ya kweli ya kazi. Kutu ya juu juu husuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, ikafuata praima ya epoksi na rangi, kisha unasubiri siku kadhaa ikauke sawasawa. Palipotoboka, kata, chomelea bati jipya. Nasema kata. Mafundi wengi hubandika bati jipya juu ya lililooza, wakasawazisha kwa puti. Kwa macho panapendeza, lakini ukingo umekuwa mnene kuliko mfereji wa mpira. Utasukuma, mpira utaingia kwa taabu, na siku gari litakapoingia kwenye shimo kioo kitapasuka kuanzia pale pale penye puti. Lawama zitaenda kwa aliyeuza kioo.

Kuhusu kuagiza mpira, mwaka wa gari ni muhimu kuliko jina lake. Kioo cha mbele cha Beetle kilipanuliwa kwa magari ya kuanzia mwaka wa modeli 1965, kwa hiyo mpira wa 1967 haumfai mzee wangu hata kidogo. Dirisha la nyuma nalo lilikuwa vipande viwili mpaka 1953, likawa umbo la yai mpaka 1957, kisha likapanuliwa tena na tena. Bahati ni kwamba Mexico iliendelea kulitengeneza gari hili mpaka 2003, hivyo vipuri havijawa hadithi. Uliza pia kama mpira una mfereji wa tatu wa kushikia utepe. Ipo isiyokuwa nao, na muuzaji hatakuambia.

Siku ya kufunga, weka mpira juani uwe laini. Joto la Tanga hapa ni msaada. Uvishe kwenye kioo, kisha utepe uingie kwenye mfereji wake kioo kikiwa bado mezani. Ukisubiri mpaka kioo kiwe garini, utaukunja. Sasa chukua kamba, ipitishe kwenye mfereji wa bodi kuzunguka kote, ncha zipishane chini katikati. Mjini kwetu kamba ya kwanza mkononi ni ya katani. Iache. Nyuzi zake zinakwaruza mpira na ikilowa inang'ang'ania. Tumia ya nailoni, nyembamba na laini, na sabuni ya maji kwa wingi.

Kazi hii ni ya watu wawili. Wa nje anakandamiza kwa viganja, wa ndani anavuta kamba taratibu, na ulimi wa mpira unaruka ukingo na kukaa ndani inchi kwa inchi. Pakigoma, ongeza sabuni, usiongeze nguvu. Kioo huvumilia mengi usoni, lakini pembeni hupasuka kwa kosa dogo.

Land Rover zilizobaki kutoka mashamba ya katani zina hadithi nyingine, nafuu kidogo. Kioo cha mbele ni vipande viwili bapa, kwa hiyo duka la vioo linaweza kukukatia. Lakini taja wazi unataka kioo cha tabaka, vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Ukitazama ukingoni utauona mstari wake. Kioo cha nyumba kikivunjika ni visu. Kile kilichoimarishwa kwa moto hakikatiki kabisa: ukikigusa kwa kikatio kinamwagika kama chumvi ya mawe.

Ugonjwa mkubwa wa Land Rover hizi uko kwenye vioo vya milango, vile vya kusukuma. Vinateleza ndani ya mfereji wa chuma uliolazwa kitambaa kizito. Kitambaa hicho hunyonya maji ya chumvi na kukaa nayo, mfereji ukaoza kutoka ndani, ukavimba, ukakibana kioo kisisogee. Badilisha mfereji na kitambaa pamoja. Na bodi ikiwa ya alumini, usifunge skrubu za chuma cha kawaida: chumvi ikiwepo, alumini ndiyo inayoliwa.

Kioo kikishafungwa, jaribio la maji hufanywa kwa kikombe, siyo kwa mpira wa bomba. Mimina kuanzia chini ukipanda, mwenzako akiwa ndani na karatasi kavu chini ya dashibodi. Ukianzia juu, maji hutiririka kote na hutajua yalipoingilia.

Beetle la mzee lilipita. Siku ya tatu akarudi: mlango wa kulia unachezesha maji ndani kama dafu. Hilo halikuwa kosa la mpira. Kioo cha kupanda na kushuka siku zote hupitisha maji kidogo, na mlango una matundu chini ya kuyatoa. Aliyepaka rangi zamani aliyaziba kwa puti. Tanga haikosi baiskeli. Nikaomba spoku moja kuukuu kwa fundi jirani, nikatoboa, maji mekundu yakamwagika mchangani karibu nusu ndoo.

Spoku mzee ameondoka nayo, ameichomeka nyuma ya kiti.