Ua la Njano Shambani: Ni Marejea au Siyo?

Juzi kijana mmoja wa hapa Vwawa kanitumia picha WhatsApp, mmea wenye maua ya njano pembeni mwa mahindi yake. "Afisa, haya si ndiyo marejea? Nikusanye mbegu nipande msimu ujao?" Nikamwambia ang'oe mmoja aulete na mizizi yake. Picha ilikuwa ya mbali, kinachoonekana ni njano tu.

Alipouleta haikuchukua dakika. Ua la marejea ni kama la maharage: petali moja kubwa imesimama nyuma, mbili ubavuni, na chini mdomo uliochongoka. Ua lake lilikuwa na petali tano zimetandazwa karibu sawa, na vijani vimepangwa jozi jozi kwenye kikonyo. Huyo ni ndugu wa mjohoro. Naye ni wa jamii ya mikunde, lakini mizizi yake haina vile vinundu vya kuvuta naitrojeni ya hewani. Ukimfukia shambani anarudisha kile alichonyonya hapo hapo, basi.

Marejea yenyewe, ambayo wamisionari wa Peramiho kule Songea waliyatangaza sana, ni mmea wa Afrika. Kila jani lina vijani vitatu vyembamba. Ua ni njano iliyopauka, lenye mistari ya zambarau. Ganda limevimba, na likikauka ukilitikisa mbegu zinalia kama kayamba. Ile aina ya India ina ua la njano kali na jani moja moja, siyo vitatu. Ng'oa, pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi.

Lakini kayamba isikudanganye. Ndugu wa marejea ni zaidi ya aina 600, wengi wako Afrika, na baadhi yao wana sumu inayoharibu ini, hasa kwenye mbegu. Kwa hiyo mbegu za porini usiokote, kuku na nguruwe usiwape, na zisichanganyike na maharage unayopeleka sokoni. Hata marejea ya kupanda, yafyeke yanapoanza kutoa maua, kabla maganda hayajakomaa. Ndio wakati mzuri wa kuyafukia pia, shina bado laini.

Kijana sasa anatafuta mbegu kwa mkulima aliyezivuna shambani kwake mwenyewe. Mwenye nazo hapa Mbozi aniambie, nimuunganishe naye.