Mhandisi wa Jeshi na Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez

Wasikilizaji wetu, watu wengi wakisikia neno askari hudhani kazi yake ni moja tu, nayo ni kupiga bunduki. Lakini katika kila jeshi wamo mafundi ambao silaha yao ni kamba, sururu, vipimo na hesabu. Wakati wa vita hufanya njia na madaraja ili jeshi lipite. Vita vikiisha, elimu ile ile hutengeneza yaliyovunjwa. Twataka kueleza habari za mmoja wao, Raymond Wheeler wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1885.

Wheeler alihitimu katika chuo cha maofisa cha West Point mwaka 1911, akapelekwa Panama, ambako mfereji mkubwa ulikuwa ukichimbwa. Katika Vita Kuu ya Pili alisimamia uchukuzi wa jeshi lake katika India na Burma, nchi ambayo askari wengi wa Afrika ya Mashariki waliijua kwa mvua na matope yake. Toka 1945 hata 1949 alikuwa mkuu wa wahandisi wa jeshi la Marekani. Kisha akawa mshauri wa Benki ya Dunia.

Mwaka 1956 Misri iliutwaa Mfereji wa Suez, na baadaye Israel, Uingereza na Ufaransa zikaishambulia. Wamisri wakazamisha vyombo vingi ndani ya mfereji ili usipitike. Hasara ilifika mbali, maana meli zilizotoka Mombasa na Dar es Salaam kwenda Ulaya hazikuweza kupita huko, bali kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Umoja wa Mataifa ulipeleka askari wa kulinda amani, na Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld, akamkabidhi Wheeler, mzee wa miaka 71, kazi ya kuufungua mfereji.

Shida ya kwanza haikuwa ya vyuma, bali ya watu. Misri haikutaka kazi ile ifanywe na wale walioishambulia. Basi Wheeler alikusanya vyombo vya mataifa mengine, hasa Uholanzi na Denmark, vikafanya kazi chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.

Sasa tueleze jinsi chombo kilichozama kinavyoinuliwa. Kwanza wazamiaji hushuka kukipima na kutazama kama kina baruti, maana kosa moja laweza kuua watu wengi. Kisha hupitisha kamba nene za chuma chini yake. Juu huwekwa vyombo viwili vya kunyanyulia, kimoja kila upande, navyo hujazwa maji vikadidimia kidogo. Kamba zikisha kukazwa, maji hutolewa kwa pampu. Vyombo huelea juu, na mzigo huinuka pamoja navyo.

Tena haukuondolewa kila mzigo kwa mara moja. Walifungua kwanza njia ya meli ndogo, ndipo ya meli kubwa. Mwezi wa Aprili 1957 mfereji ulikuwa wazi. Gharama, kadiri ya dola milioni 8, zililipwa baadaye kwa nyongeza ya 3 kwa mia juu ya ushuru wa meli zilizopita.

Wheeler hakupumzika. Mwaka ule ule wa 1957 aliongoza wajumbe wa Umoja wa Mataifa kuuchungua mto Mekong, wapate kujua jinsi maji yake yawezavyo kuwafaa wenyeji. Alifariki mwaka 1974. Twaona basi kuwa kuzamisha meli ni kazi ya saa chache, lakini kuiinua hutaka subira, hesabu, na mtu anayeaminiwa na pande zote.