Mvua ya Masika Ikikufungia Pwani, Panda Rabai

Mei si mwezi wa wenye hoteli za Malindi na Watamu. Kusi imeshaanza kuvuma, bahari imechafuka, mwani umejaa ufukweni, na hoteli kadhaa hufunga milango kabisa zipake rangi na kungoja wageni wa Julai. Mtalii aliyefuata jua huku Pwani hubaki barazani na simu mkononi, anatazama maji yakichuruzika kwenye makuti na kuuliza kila saa kama treni ya jioni ina nafasi. Mwenyeji humwambia mvua ni neema, kisha hujifunika kipande cha nailoni akaenda zake shambani.

Mtalii huyo ningemshauri aache kuitazama bahari, apande Rabai.

Kwa mipaka ya serikali, Rabai ni Kaunti ya Kilifi. Kwa safari iko karibu zaidi na Mombasa: kama kilomita 25 hivi, unashika barabara kuu ya Nairobi mpaka Mazeras, kisha unakata kulia njia ya Kaloleni. Anayetoka Malindi ana njia ya ndani, kupitia Mavueni na Kaloleni, asiingie kabisa kwenye msongamano wa Mombasa. Mazeras ni pahali pa kunywa chai na mahamri kwa mbaazi za nazi kabla ya kupanda kilima, maana huko juu mvua ikishika hutoki upesi. Waendesha bodaboda nao huwa wamejibana chini ya vibanda, na atakayekubali kukubeba atakutajia bei ya mvua. Lipa tu.

Unakokwenda ni Makumbusho ya Rabai, yaliyo katika uwanja mmoja na Kanisa la Mtakatifu Paulo la Waanglikana, karibu na nyumba walizokaa wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Ni makumbusho madogo. Kwenye siku ya jua, wageni wengi huzunguka chapuchapu, wakapiga picha mbili nje ya kanisa na kuondoka kuwahi ufuo. Mvua ndiyo inayoyatendea haki makumbusho haya, kwa sababu huna pa kwenda, na kilicho muhimu Rabai hakionekani kwa kupita. Ni habari ya watu waliokaa chini ya paa wakiulizana maneno, mwaka hadi mwaka.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akitumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa Mjerumani wa Württemberg. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshazika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga wa kike, ng'ambo ya kisiwa. Rebmann akamfuata mwaka 1846, na Agosti ya mwaka huo wakapanda kilima cha Rabai wote wawili wakiwa na homa, na punda mmoja. Wazee wa Rabai walikuwa wameridhia wakae. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya miti, udongo na makuti, kama nyumba nyingine yoyote ya huku. Wageni husimuliwa habari za kanisa na kuta zake, na wachache hukumbuka kwamba wazungu hao walianza kwa kuhifadhiwa na wenyeji, chini ya paa la wenyeji.

Ya milima inajulikana. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Huko London mabingwa wa jiografia waliokuwa hawajatia mguu Afrika, akiwamo William Desborough Cooley, walibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wakati wa kusimulia hayo mwongozaji hodari hatakosa kumtaja Bwana Kheri, kiongozi wa msafara wa Rebmann, aliyekuwa akizijua njia za Uchagani kabla ya mgeni wake kusikia jina la mlima. Hatausahau mwavuli pia: Rebmann alisafiri bara nao mkononi, bila bunduki. Mgeni aliyelowa chapachapa huielewa silaha hiyo mara moja.

Mimi hupenda kukaa zaidi kwenye habari za vitabu. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake kijijini Korntal, Ujerumani, na mpaka leo wachunguzi wa lahaja huifungua kutafuta jinsi watu wa Mombasa walivyosema zama hizo. Lakini Krapf hakuyaokota maneno yake njiani. Mombasa alisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin, na utenzi wa kale wa Tambuka alioupata kwa hati za Kiarabu aliupeleka Ujerumani, ambako nakala yake ilihifadhiwa. Kwa hiyo kamusi hiyo ya mmisionari ina mkono wa wanazuoni wa Kiislamu ndani yake, na sioni kwa nini jambo hilo lisitajwe kila mahali Krapf anapotajwa.

Rebmann alikuwa wa namna nyingine. Krapf alikuwa mtu wa safari na mipango mikubwa, akitaka mnyororo wa vituo vya misheni toka Mombasa hadi upande wa pili wa bara, na mwaka 1853 afya ilimrudisha kwao. Rebmann alibaki. Alikaa Afrika Mashariki miaka 29 mfululizo, na walioongoka mikononi mwake walihesabika kwa vidole. Kazi yake ya kila siku ilikuwa maneno: Kiswahili, Kirabai, na Kinyasa. Hicho cha mwisho hakisemwi popote karibu na Rabai. Alikipata kwa Salimini, mtumwa aliyeletwa Pwani kutoka pande za Ziwa Nyasa.

Ukiketi humo ndani mvua ikipiga juu ya paa, ni rahisi kuwaona wawili hao. Mmoja anauliza kwa Kiswahili cha kujifunza: hiki kwenu mnakiitaje? Mwingine, naye kwa Kiswahili cha kujifunza, anajibu kwa lugha ambayo huenda hana tena wa kusema naye. Jina la ndege, jina la ugonjwa, neno la kumwita mama. Saa kwa saa, wiki kwa wiki, miaka ya 1850. Kamusi ya Kinyasa ilitoka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja, na jalada lina jina lake. Maarifa yaliyomo yalikuwa ya Salimini. Ningekuwa na usemi katika makumbusho yetu ya taifa, Salimini angepewa ukuta mzima.

Rebmann alimaliza siku zake Rabai akiwa karibu kipofu. Mwaka 1875 alipokubali hatimaye kurudi Ulaya, aliyemshika mkono safari nzima alikuwa kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mtoto wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa hapo. Mwaka uliofuata Rebmann akazikwa Korntal.

Sehemu nyingine inayotaka subira ni ile ya watoro. Usimwachie mwongozaji aipite haraka. Mwambie tu, kwa adabu, "Kaka, hebu nieleze habari za watumwa waliokimbilia hapa," na utaona naye anavuta kiti. Mwaka 1864 walifika Rabai vijana watatu, William Jones, Ishmael Semler na George David. Walikuwa Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, karibu na Bombay. Watu waliwaita Wabombay. Walijua kusoma, walijua Kiingereza, na walijua utumwa kwa miili yao wenyewe. Kufikia miaka ya 1880 Jones ndiye aliyekuwa akiendesha mambo Rabai, na mlango wake haukufungwa kwa mtoro. Walikuja kutoka mashamba ya Pwani, usiku, na watoto mgongoni. Misheni rasmi ilikuwa imekatazwa kuwapokea, kwa kuwa sheria ya wakati huo iliwatambua mabwana zao, na mabwana hao walitishia kuja kuwatwaa kwa nguvu.

Jones ana kisa kingine. Alikuwa pamoja na Askofu James Hannington katika safari ya Buganda mwaka 1885. Hannington alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones, aliyekuwa amepewa ushemasi mwaka huohuo, aliuongoza msafara uliobaki kurudi Pwani, akaingia Rabai Februari 1886 chini ya bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, lile jina la kilio katika kitabu cha Samweli. Nimeshangaa siku nyingi kwa nini hakuna mtengeneza filamu wa Kenya aliyelichukua tukio hilo.

Mzozo wa watoro uliisha kwa fedha. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyokuwa inataka amani ili biashara yake isimame, iliwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vya jirani. Siku ya mwaka mpya wa 1889 watu hao walipewa hati za uhuru hapo Rabai. Aliyelipwa ni mwenye shamba. Aliyelima shamba hilo miaka yote alipewa karatasi.

Ya kujiandaa ni machache. Ada za makumbusho ya taifa siku hizi hulipwa kwa eCitizen, na mtandao wa simu nao huugua mvua, basi jaribu kulipa ukiwa bado Mazeras. Umeme hukatika, kwa hiyo chaji simu upate tochi ya kusomea maelezo. Jumapili kanisa liko na waumini wake. Ngoja ibada iishe ndipo uombe kuingia. Valia viatu usivyovionea uchungu.

Misitu ya kaya iache siku hiyo. Kaya za Rabai ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na zina wenyewe: wazee ndio wanaotoa ruhusa, wanakueleza usikate kitu, usiokote kitu, upite wapi. Kuwaita wazee watoke nyumbani wakutembeze kwenye utelezi ni ukosefu wa heshima. Waombe siku ya kiangazi.

Ikiwa mvua itakuchukua siku ya pili, teremka Mombasa uingie Fort Jesus, ngome ya Wareno ya 1593 ambayo Waingereza waliigeuza jela mpaka 1958. Sehemu kubwa ya ngome iko wazi, kwa hiyo utakimbia kidogo kati ya chumba na chumba, lakini ndani kuna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Waliobaki Malindi wana Nyumba ya Nguzo, karibu na bahari. Gede, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2024, ni magofu ya chini ya miti na mvua yake ni mara mbili, ya mawingu na ya matawi. Kimbilia chumba chake cha maonyesho, utazame vyombo vya kauri vya Uchina vilivyochimbuliwa humo tangu enzi za mwanaakiolojia James Kirkman.

Hata hivyo mimi ningerudi Rabai kwa siku hiyo ya pili, nikaanze palepale kwa Salimini. Matatu za Kaloleni hupita mpaka jioni, ila siku ya mvua hupungua mapema. Ukisikia moja inapiga honi barabarani baada ya saa kumi, usijadiliane nayo nauli.