Baiskeli Huchaguliwa kwa Njia, Si kwa Rangi



Mwaka uliopita kitinda mimba wangu alitimiza miaka tisa. Nilikuwa nimemwahidi baiskeli pindi atakapohifadhi juzuu yake ya kwanza, na ahadi ni deni. Nikaingia dukani, nikaiona moja nyekundu inayometameta, ya magurudumu ya inchi 26, yenye gia nyingi na springi mbele na nyuma. Muuzaji alinitahadharisha kuwa ni kubwa kwa mtoto wa umri ule. Nikamjibu kama wajibuvyo wazazi wengi: “Atakua nayo.”

Siku ya nne mtoto aliteremka kijiteremko kilicho karibu na nyumbani. Alipotaka kusimama, vidole vyake havikuifikia breki barabara, wala mguu haukufika chini. Akaanguka, akavunjika mkono, akakaa na plasta kwa majuma sita. Kosa halikuwa lake, wala la muuzaji. Lilikuwa langu, kwani niliyafurahisha macho yangu nikausahau mwili wa mwanangu.

Nilipoipeleka baiskeli ile kwa fundi mzee wa mtaani kwetu, aliitazama kitambo, kisha akasema: “Sheikh, lau ungepita hapa kwanza, ningekuuliza mambo matatu tu. Nani ataipanda? Atapita njia gani? Atabeba nini?” Maneno yale nimeyaweka moyoni, na leo nayafikisha kwenu kabla na nyinyi hamjatoa fedha zenu.

Umbo la baiskeli tulijualo, lenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaolizungusha lile la nyuma, lilienea kutokana na baiskeli aliyoitengeneza John Kemp Starley huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Msingi huo haujabadilika hadi leo. Kilichobadilika ni kazi, na kila kazi imezaa aina yake.

Aina ya kwanza ni baiskeli nyeusi ya kazi, ile ambayo Wakenya wengi huiita Black Mamba. Fremu yake ni ya chuma kizito, magurudumu ni ya inchi 28, na breki zake huvutwa kwa fimbo za chuma badala ya waya. Nyuma ina karia pana. Hii ndiyo ibebayo madafu, mikate na madumu ya maji katika miji yetu, na ndiyo iliyoanzisha boda boda huko mpakani Busia katika miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijalirithi jina hilo. Vipuri vyake hupatikana kwa urahisi na kila fundi anaijua. Aibu zake ni mbili: ni nzito, na breki zake hulegea mvua inaponyesha, kwa kuwa chuma cha rimu kilicholowa huteleza. Mwenye kuchuma riziki kwa kubeba mizigo, hii ndiyo yake.

Ya pili ni baiskeli ya milimani. Asili yake ni California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipokuwa wakishindana kuteremka njia za vumbi milimani. Matairi yake ni mapana na yana meno, usukani umenyooka, na gia zake humrahisishia mtu kupanda. Kwa anayeishi kwenye mchanga, au kwenye njia za mawe ya matumbawe, matairi hayo ni rehema. Lakini jihadharini na springi za bei rahisi. Huongeza uzito, humeza nguvu za mpandaji, na zikianza kulegea ni taabu kuzitengeneza. Wahenga wetu walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ya tatu ni baiskeli ya mashindano, nyepesi, yenye matairi membamba na usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo dume. Juu ya lami hukimbia kama mshale. Juu ya mchanga huzama, na juu ya mashimo hutoboka. Inamfaa afanyaye mazoezi katika barabara kuu, haimfai aendaye shambani.

Ya nne ni baiskeli ya mjini, nazo nyingi hutufikia kama mitumba. Mpandaji huketi wima, matairi ni ya wastani, na mara nyingi huwa na madigadi, taa na kifuniko cha mnyororo. Baadhi yake zina fremu iliyoinama katikati, ambayo tumezoea kuiita ya kike. Mazoea hayo yametunyima faida. Mzee mwenye kanzu na mwenye magoti mazito huipanda bila kuinua mguu juu, na mama mwenye buibui huketi kwa stara yake. Kifuniko cha mnyororo nacho si pambo, kwani vazi refu likinaswa na mnyororo humwangusha mtu kwa ghafla. Kwa sisi wavaa kanzu na mabuibui, hilo ni la kutazama mwanzo.

Tuje kwa watoto, ambao ndio sababu ya makala hii. Baiskeli ya mtoto hupimwa kwa gurudumu, lakini mwili ndio mwamuzi. Kwa kukadiria, inchi 16 humfaa mtoto wa miaka mitano hivi, inchi 20 humfaa wa miaka saba hadi tisa, na inchi 24 humfaa aliyekaribia kumi na zaidi. Kisha mpandisheni. Akiketi kitini, ncha za miguu yake ziguse chini. Kwa anayejifunza, nyayo zote mbili zitue. Akisimama akiwa ameipitisha fremu baina ya miguu, ibaki nafasi ya vidole viwili au zaidi juu ya bomba. Vidole vyake viifikie breki na kuikaza bila kujinyoosha. Likikosekana moja kati ya hayo, hiyo si baiskeli yake, hata akiililia.

Kabla ya kulipa, kazeni breki ya mbele na kuisukuma baiskeli, isisogee. Fanyeni vivyo hivyo kwa ya nyuma. Inueni gurudumu mlizungushe, mwone kama linayumba. Kagueni viungio vya fremu, hasa kwa mtumba, kama vina ufa au kutu iliyokula ndani. Ulizeni kama tairi na tyubu za kipimo hicho zinapatikana mjini, maana baiskeli isiyo na vipuri ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Na ikishafika nyumbani, kumbukeni kuwa hewa yetu ya bahari ina chumvi. Ifuteni kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, mnyororo utiwe mafuta kidogo. Mtoto avae kofia ngumu ya kinga, na baada ya Magharibi asitoke bila taa.

Ile nyekundu niliiuza kwa hasara. Mahali pake nikanunua mtumba wa inchi 20, rangi imechujuka, breki zinashika. Alhamdulillah, mkono wa mwanangu umepona. Siku ya kwanza hakutaka kuigusa. Akaizunguka, akaketi kitini, akatazama chini, akaona miguu yake yote miwili imetua. “Baba,” akaniambia, “hii nafika.” Kisha akaondoka.