Joto na Halijoto katika Hisabati ya Kuyeyuka na Kuganda

Wafasiri wengi hutumia neno "joto" kwa dhana mbili. Katika mazungumzo hapana dhara. Katika hisabati ya kuyeyuka na kuganda, maana huvunjika. Kilo 1 ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi huhitaji kilojuli 334 hivi ili iyeyuke yote, na muda wote huo themometa hubaki pale pale. Tukiandika kwamba "joto huongezwa lakini joto haliongezeki", mwanafunzi atasadiki lipi?

Twashauri basi tuseme "joto" tukikusudia nishati iingiayo au itokayo, na "halijoto" tukikusudia kipimo kisomwacho kwenye themometa. Joto lisilobadili halijoto na liitwe "joto fiche".

Juu ya tofauti hiyo Josef Stefan alijenga, mwaka 1889, milinganyo yake ya kuganda kwa bahari za ncha za dunia. Mpaka kati ya barafu na maji huhama kadiri joto fiche linavyotoka kupitia barafu. Halijoto ya juu isipobadilika, unene hufuata kipeuo cha pili cha muda: unene maradufu, muda mara nne. Asiyetenganisha maneno hayo mawili hawezi kuufasiri mlinganyo huo.